King'ora Nyuma Yangu

Mtoto alizaliwa salama na mama yake ni mzima, ndiyo maana leo nathubutu kulisema hili.

Kwa miaka mingi niliendesha teksi ya kukodi hapa Kampala. Masikio yangu yalizoea honi za bodaboda hadi yakawa hayasikii kingine, basi nikanunua kifaa cha kuweka kwenye dashibodi. Kikisikia king'ora, huwasha taa nyekundu na kusema, "Gari la dharura linakuja. Toa njia." Nilipopata kazi ya kuendesha ambulansi ya kliniki moja, nikahama nacho.

Siku ya kwanza tulimchukua mama mwenye uchungu wa kujifungua kutoka mtaa wa Namuwongo. Nikawasha king'ora, nikaondoka kwa mbwembwe. Kifaa kikawaka: "Toa njia." Nikasogea pembeni, nikasubiri. Hakuna aliyepita. Nikaendelea, kikasema tena, nikasimama tena. Mara ya tatu nikaanza kumlaani huyo dereva wa nyuma. Mgonjwa wake anateseka, naye anajikokota kama kinyonga.

Nesi Akello akafungua kidirisha kilicho nyuma ya kiti changu.

"Dereva, tunampisha nani?"

"Ambulansi, Sista. Iko nyuma yetu, ila mwenyewe hana haraka."

Aliyenijibu ni yule mama, akiwa amelala pale kwenye machela na kushika tumbo kwa mikono miwili.

"Ssebo," akaniita kwa heshima, taratibu, "ambulansi ni hii."