Soksi ya Nailoni Juu ya Lenzi

Mimi nilimaliza kidato cha nne nikiwa na ndevu, katika masomo ya jioni pale Awendo, na tangu nishike cheti kile sijaogopa kujifunza kitu chochote duniani. Kwa hivyo binamu yangu aliponipigia simu kutoka Mbita akasema, "Omera, mama anatimiza miaka themanini, tunataka video ya kuonyesha kanisani, lakini iwe na ule utamu wa filamu za zamani," sikujiuliza kama naweza. Mimi hupiga video za sherehe, nikamjibu kwamba hiyo ni kazi ya asubuhi moja.

Shida ya kamera za siku hizi ni kuona kupita kiasi. Yangu huhesabu nywele za nzi aliye ng'ambo ya ziwa. Ukimpiga mzee nayo, kila mkunjo wa uso unatokea kama mtaro wa shamba la miwa. Filamu za zamani zilikuwa na huruma. Mwanga ulimwagika kidogo, na weusi ulikuwa kama chai iliyotiwa maziwa. Kwanza nilipaka mafuta ya kujipaka kwenye kioo cha kukinga lenzi. Vumbi la malori ya miwa likanata hapo, la kaunti nzima. Ndipo nikachukua soksi ndefu ya nailoni ya mke wangu, nikaivuta juu ya lenzi mpaka ikakaribia kulia, nikaifunga kwa raba ya tyubu ya baiskeli. Yesu wangu! Kikombe cha plastiki mezani kikaonekana kama urithi wa wafalme.

Mbita nilimketisha waya, ndivyo tunavyomwita dada ya baba, kando ya dirisha linalotazama ziwa, mwanga ukimjia kutoka nyuma ya kitambaa chake cheupe. Alimenya njugu, akacheka, nikampiga. Niliporudi kwangu nikaizimua picha kwenye kompyuta, nikashusha rangi mpaka ikabaki kahawia, nikanyunyiza chembechembe kama za kanda kuukuu, nikapunguza mwendo. Kisha nikajipigia saluti.

Jumapili, baada ya ibada, tulikuwa sebuleni kwake kuionja kabla ya siku ya kanisani: waya na sahani ya samaki mapajani, binamu yangu, dada yake, na mimi kando ya televisheni kama waziri anayezindua daraja. Nikabonyeza.

Dada mtu akaweka mikono kichwani. "Uwi! Yawa!"

Waya akaacha kutafuna. "Nani amekufa?"

"Ni wewe huyo, waya," nikasema kwa furaha.

"Nimeona ni mimi. Nauliza nimekufa lini."

Ndipo nikaielewa kazi yangu mwenyewe. Kwetu hakuna mazishi bila video, na video ya mazishi huanza na marehemu: rangi ya kahawia, ukungu kandokando, mwendo wa polepole, uso unang'aa kama umeshapokelewa. Harusi tunazipiga rangi kali mpaka macho yaume. Ukungu ni wa marehemu peke yake. Na aliyewazoesha watu hivyo, kuanzia Rongo mpaka ziwani, ni nani? Ni mimi, kwa mikono hii!

Waya aliweka sahani chini. "Juzi mlinipeleka hospitali Homa Bay, wakanitoa damu. Mkasema majibu ni mazuri." Akamgeukia mwanawe. "Daktari alisema nini?"

"Mama, ni presha tu, na imeshuka."

"Mtu wa presha hatengenezewi hii. Mmemwambia fundi wa video, mimi mkanificha."

Nilikimbilia mkoba wangu nikatoa kamera, soksi ikiwa bado juu yake, nikamwekea mikononi. "Waya, nipige mimi. Angalia."

Akachungulia. "Yawa. Nawe umekufa."

Nikaivua soksi. "Na sasa?"

"Sasa una chunusi."

Akairudisha mwenyewe, akamwelekezea mwanawe: marehemu. Akaivua: mzima, na tumbo juu. Akampiga hata samaki. "Soksi ya nani hii?"

"Ya mke wangu."

"Anajua?"

Nikaichukua soksi nikaitia mfukoni.

Lakini hakucheka. Alimwambia binti yake alete ile karatasi ya hospitali aisome kwa sauti, naye akamkazia lenzi tupu usoni, karibu kabisa. "Soma. Nione kama jicho litacheza." Binti akasoma kila mstari, jasho likimtoka. "Tena." Akasoma tena. Waya alitazama kile kioo kidogo cha nyuma ya kamera muda ambao mimi ningeweza kuoa na kupata wajukuu. Hatimaye akashusha kamera.

"Nipe samaki wangu."

Tulipumua wote, nyumba ikavimba.

Ya kanisani tuliipiga upya mchana huohuo, bila soksi, mikunjo yote ikihesabika. Nilipokuwa nafungasha akaniita, mwiba wa samaki kati ya vidole. "Nyathina, mwanangu, ile ya dirishani usiifute. Nilikuwa mzuri pale. Iweke. Hawa watakuambia siku ya kuionyesha."

Nilishtuka upya, nikasahau hata kujigamba. "Ndiyo, waya," nikasema. Naye akaendelea kuchambua miiba.