Risasi dhaifu za tonton: siku bunduki ilipolia "puf" badala ya "paa"

Jumamosi, 15 Novemba 2014, Brussels. Manyunyu tangu asubuhi, yale ya kukulowesha bila wewe kujua.

Habari za humu, wakuu. Mimi kawaida nasoma za wenzangu na kupita kimya. Shule yangu ni darasa la saba, nikiandika ovyo mnivumilie. Ila hii si chai, naitoa kwenye daftari langu kama nilivyoiandika siku hiyo.

Naishi Ganshoren, hapa hapa Brussels, na mke wangu, Mkongo wa Lubumbashi. Mjomba wake, tonton Kasongo, anakaa Schaerbeek, mji huu huu. Mimi na tonton ni wanachama wa club ya kulenga shabaha, vibali tunavyo. Huku ni mchezo tu, watu wazima wanatoboa karatasi na kurudi nyumbani.

Tonton alifanyiwa operesheni ya bega. Daktari alimruhusu kurudi taratibu, lakini bunduki yake ya semi-auto inapiga teke begani. Na tangu afiwe na mkewe, club ndiyo pekee iliyokuwa inamtoa ndani.

Akaniomba nimjazie risasi zenye nguvu ndogo, maana za kwangu huwa najaza mwenyewe nyumbani.

Kwa wasiojua: semi-auto hutumia nguvu ya baruti yenyewe kurudisha nyuma bolt, kile chuma kinachofunga mtutu, kutupa ganda na kuingiza risasi nyingine. Ukipunguza nguvu sana, bega linapona lakini bunduki inagoma. Ndiyo maana ilibidi tuijaribu. Nilifuata kitabu cha vipimo, sikubuni. (Vipimo siweki hapa, msinifuate PM.)

Sasa kosa langu.

Ijumaa nilikuwa nimepanga maganda kwenye kibao, namimina baruti moja moja. Mke wangu akaja na simu: "Mama anakusalimia."

Mama mkwe, wakuu. Utamwambia asubiri? Aliniuliza kazi, baridi, ndugu zangu wa Tabora mmoja mmoja. Na mimi nikamuuliza wa kwake mmoja mmoja, adabu ndiyo hiyo. Niliporudi mezani sikukumbuka nilikuwa nimefika safu gani.

Sheria yangu ni kumwaga yote na kuanza upya. Sikumwaga. Nilimulika kwa tochi, nikaona kama yamejaa yote, nikayafunga kwa vichwa vya risasi.

Kesho yake range, uwanja wetu wa shabaha. Tonton anapiga, mimi nyuma yake na daftari: ganda limetoka, au limegoma. Za mwanzo ziligoma karibu zote, akawa anavuta bolt kwa mkono.

"Petit, umenipikia risasi bila chumvi," alisema (petit ndiyo "kijana" kwake). "Hata bunduki inazikatala."

"Na bega je, tonton?"

"Bega? Bega njo inazipenda!"

Tukacheka. Na hatari ilikuwa humo humo kwenye kucheka. Tulishazoea kugoma, tukaona ndiyo kawaida ya siku.

Ya kumi na moja haikulia paa. Ililia puf, kama mtu anapuliza mshumaa.

Tonton na vifunika masikio vyake akavuta bolt kama alivyozoea. Ganda likatoka, risasi nyingine ikaingia. Kidole kikaanza kurudi kwenye trigger.

"Acha!" Nikamshika bega. Lile lile la operesheni.

"Aïe! Weye petit, unanivunja! Iko nini?"

"Imelia vibaya. Toa kidole, tonton."

"Iko faible, nguvu kidogo tu, sawa zile zingine."

"Labda nimekosea mimi. Lakini tuangalie kwanza."

Wakuu, sikuwa na uhakika. Mimi hata mlango nikishafunga narudi kuujaribu. Nusu yangu ilisema namwaibisha mzee mbele za watu.

Tukachomoa magazini, kile kikasha cha risasi, tukaitoa na ile iliyokwisha kuingia. Msimamizi wa range akapitisha ufito wa kusafishia kutoka mdomoni mwa mtutu. Ukaenda, ukaenda, ukagota.

Kichwa cha risasi kilikuwa mle ndani. Ganda lile halikuwa na baruti, fataki ya kuwashia peke yake ndiyo ilikisukuma kidogo. Angepiga nyingine juu yake, mtutu ungempasukia usoni.

Tonton akakaa kwenye benchi. Akajishika bega. Halafu: "Bon. Leo umeniumiza bega, na niko na furaha."

Nikacheka kama mjinga. Sijawahi kufurahia hivyo kuona watu wote wana nyuso zao.

Niseme haki: bunduki haina kosa. Tonton hana kosa. Mama mkwe hana kosa kabisa. Aliyeona tochi inatosha ni mimi, na tonton nilimwambia pale pale. Zilizobaki nilizifungua zote, kulikuwa na ganda jingine moja tupu.

(Pembeni ya ukurasa niliongeza baadaye: nilijaza upya, nguvu juu kidogo lakini ndani ya kitabu. Bunduki ikatupa maganda yote, bega halikulalamika.)

Nilichojifunza: kitu kikigoma mara nyingi, usiache kukisikiliza. Na ukikatizwa kazi ya namna hii, anza upya. Kama nawe uliwahi kuponea chupuchupu kwa uzembe wako, weka hapa tusomane. Hata kunisema ruksa.

Jioni tonton alikuja kula kwetu: bukari, yaani ugali wao, sombe ambayo ni kisamvu, na samaki. Nimetia tonge la kwanza, simu ikaita. Mama mkwe. Nikanawa mkono, nikamsalimia mpaka akamaliza ukoo wote. Bukari ilipoa, nikaila hivyo hivyo.