Swali Moja Aliloagizwa Miriam

Miriam aliagizwa swali moja tu. Hakuliuliza, na bado akarudi na jibu. Huo ndio ubaya aliotendewa Chibalonza, na kabla hujasema kwamba ni jambo dogo kwa marafiki wa miaka sita, sikiliza kwanza lilikuwa swali gani, na jibu lake la uongo lilimwingia nani tumboni.

Chibalonza ni mzaliwa wa Bukavu, mhudumu katika nyumba ya kutunzia wazee magharibi ya Sydney. Kazi yake ni kuwaogesha, kuwavisha na kuwalisha wazazi wa watu wengine. Mzazi wake mwenyewe, ambaye wote humwita Mama Bahizire kwa jina la mwanawe wa kwanza, alikaa kambini Uganda miaka tisa akingojea karatasi. Karatasi zilipokubaliwa, Agosti 2017, alitua na begi moja na magoti mabovu, akapokewa nyumbani kwa bintiye huko Fairfield. Kila alipopakuliwa chakula alikula nusu. Nusu nyingine aliifunika kwa sahani, akaificha kabatini nyuma ya unga.

“Mtu aliyepanga foleni ya chakula miaka tisa,” Chibalonza alimwambia mumewe, “nataka akae kitako, mwingine amletee bakuli kwa mikono miwili.”

Mikono miwili hakuitaja ovyo. Kwao, kumpa mkubwa kitu kwa mkono mmoja ni kumtupia. Na alikuwa amekwisha kuona, kupitia kioo cha duka dogo la ramen karibu na stesheni ya Toongabbie, jinsi wahudumu walivyobeba mabakuli yale ya tambi na supu ya Kijapani: mikono yote miwili, na kichwa kikiinama kidogo. Lilikuwa duka la mtaani lenye sifa kubwa na bei ambayo mtu wa mshahara wake aliimudu. Habari zake alizileta Miriam.

“Wenzetu wa kazini wanalisifu vibaya sana,” Miriam alisema. “Mimi sijaingia, lakini nasikia tu.”

Miriam ni Mkenya, muuguzi mwenye cheo katika nyumba ile ile ya wazee, na shemasi katika kanisa lao la Wasabato wanaoabudu kwa Kiswahili. Kiingereza chake kimenyooka. Yeye ndiye aliyemjazia Chibalonza fomu zake za kwanza nchini. Na kila robo mwaka, kabla ya Meza ya Bwana, Wasabato wanapooshana miguu wawili wawili kama Bwana alivyowaosha wanafunzi, Chibalonza na Miriam walioshana wao kwa wao. Kwa miaka sita hapana hata mmoja aliyetafuta mwenzi mwingine.

Safari hiyo Chibalonza aliipanga kwa wiki tatu, kama watu wanavyopanga harusi. Alikwenda Toongabbie peke yake siku ya mapumziko. Alitembea kutoka stesheni hadi dukani kwa mwendo wa mama yake, akisimama pale ambapo magoti yangeomba kusimama, akakuta ni dakika saba. Alichungulia viti: vingi vilikuwa virefu visivyo na mgongo, lakini pembeni kulikuwa na meza mbili za viti vya kawaida. Duka halikuwawekea watu nafasi mapema, na lilifungua saa tano na nusu. Basi wangefika saa tano na robo, ili mama asisimame kwenye mstari. Mstari hasa ndio aliokuwa akiukimbia. Hata njia ya kubadilisha treni pale Parramatta aliichunguza, akatafuta lifti ilipo.

Maswali hayo yote aliyajibu kwa macho na miguu yake. Likabaki moja lililohitaji mdomo: ile supu imechemshwa kwa nyama gani?

Msabato hali nguruwe. Na Mama Bahizire si Msabato wa jina. Huko kambini iliwahi kugawiwa nyama ya makopo yenye picha ya nguruwe. Majirani walikula, yeye akampa mwenye watoto kopo lake, akachemsha majani. Alibatizwa akiwa msichana, na kwa miaka thelathini na minane kiapo hicho hakikuwa kimepata ufa.

Chibalonza angeweza kuuliza mwenyewe. Lakini mara nyingi katika nchi hii alikuwa amefungua kinywa dukani akaambiwa “samahani?” mara tatu, mpaka akaondoka na kitu asichokitaka. Jambo zito hivi hakutaka kulihatarisha kwa matamshi yake. Akafanya kosa ambalo watu wetu hulifanya kila siku ugenini: akalikabidhi suala la dhamiri kwa mwenye Kiingereza kizuri. Walikuwa wakikunja mashuka pamoja.

“Nipigie simu pale, tafadhali. Uliza supu.”

“Hilo tu? Wacha wasiwasi, dada.”

Kesho yake Miriam alimkuta kwenye chumba cha chai. “Nimepiga. Ni kuku. Kuku mtupu.”

“Umeuliza na mafuta?”

“Aki, Chibalonza! Nimeuliza mpaka mafuta. Unataka niulize na jina la kuku?”

Wakacheka wote wawili. Jioni ile mama naye aliuliza, akimtaja nguruwe kwa namna ya kwao: “Ngulube haiko ndani?”

“Haiko, Mama. Nakuapia.”

Jumapili ya tarehe 15 Oktoba walifika saa tano na dakika kumi. Miriam aliwangoja mlangoni, amependeza. Mlango ulipofunguliwa walipata meza ya pembeni kama ilivyopangwa. “Niachieni mimi kuagiza,” Miriam alisema, na wakamwachia.

Bakuli la Mama Bahizire lilikuja kwa mikono miwili. Mama hakujua afanyeje. Akainuka nusu, akalipokea kwa mikono miwili naye, na kwa kitambo yeye na kijana wa duka wakawa wameshika bakuli moja, wameinamiana. Chibalonza alitazama pembeni ili asionekane machozi. Kisha mama akaomba, sala ndefu iliyowataja waliobaki kambini mmoja mmoja, hata mvuke ukapungua.

Alikula tambi zote. Akainua bakuli, akanywa supu yote, asifunike kitu.

“Kuku wa huku wana mafuta kama ng’ombe!” alisema, akacheka hadi akashika mbavu.

Miriam aliinamia bakuli lake.

Furaha ndiyo iliyomwinua Chibalonza. Alitaka kujifunza supu ile, ampikie mama nyumbani. Akasogea kaunta, akapanga maneno yake kimoyomoyo, akamuuliza mpishi, mzee aliyefunga taulo kichwani, kuku wake humchemsha kwa muda gani. Mpishi hakusema “samahani?” hata mara moja. Alielewa kila neno. Akatabasamu, akatumbukiza koleo katika sufuria kubwa, akainua mfupa wa mguu.

Nguruwe, alieleza kwa fahari. Saa kumi na nane motoni. Supu ya kuku nayo walikuwa nayo, ile pale ubaoni, bei moja. “Lakini rafiki yako yule hajawahi kuitaka,” alisema. “Miaka mitatu, kila wiki, ni hii hii tu.”

Chibalonza alimshukuru. Alirudi mezani, akamwinua mama yake, wakaenda stesheni taratibu kwa dakika zile saba. Alipomkalisha kwenye benchi alimvuta Miriam kando.

“Ulipiga simu?”

“Tusiongelee hapa.”

“Ulipiga simu, Miriam?”

“Ningepiga ya nini na ninajua?” Sauti yake ilishuka. “Ungenifanya nini ningekuambia nakula? Mimi ni shemasi.”

“Kuku alikuwapo. Bei moja. Si ungeagiza ya kuku?”

“Yule mzee angeshangaa. Angeropoka mbele yenu kwamba leo nimebadilisha.”

Chibalonza alimtazama. Alikuwa amejiandaa kusikia uvivu, au usahaulifu. Hili hakuwa amelijengea mahali pa kulipokea: kwamba mwanamke huyu aliketi mbele ya mama mzee aliyefumba macho akiomba, akaujua mfupa ulioko ndani ya bakuli lile, na kati ya kiapo cha miaka thelathini na minane na haya zake mwenyewe, akachagua kuficha haya zake.

“Hata hivyo mama hajui,” Miriam aliendelea. “Asiyejua hana dhambi. Nyamaza, yaishe.”

“Nikinyamaza, nitakuwa nimemfanyia mama yangu ulichonifanyia mimi.”

Akaenda kwenye benchi, akapiga magoti, akamwambia yote. Mama Bahizire hakupiga kelele. Aliomba maji. Akasukutua mara tatu, akatema kwenye maua ya stesheni, akafuta midomo kwa ncha ya kitenge. Kisha akauliza jambo moja, na halikuwa la Miriam: “Wewe uliniapia. Uliapa kwa kitu ulichokiona?”

“Hapana, Mama.”

Treni ikaja.

Tangu siku hiyo mama alirudia kufunika nusu ya chakula chake, na hakula tena chochote ambacho hakukiona kikipikwa, hata kikitoka mkononi mwa bintiye. Kuna wasomi watakaosema ni supu tu, na kwamba dini ni ya moyo, si ya tumbo. Na wajaribu wao kupikia mtu anayewachungulia sufuria.

Desemba, Sabato ya kuoshana miguu, mama aliketi benchi la mwisho, mikono mapajani, asiisogelee Meza ya Bwana. Miriam alikuja kwa Chibalonza na beseni la maji vuguvugu na taulo begani, kama ilivyokuwa desturi yao.

“Njoo, dada. Tumekawia.”

“Anzia kwa mama yangu. Mwambie kwa kinywa chako, kisha nitakupa miguu.”

“Mbele ya watu? Wewe nawe! Kwa ajili ya supu?”

“Kwa ajili ya swali.”

Miriam alisimama na beseni lake hata maji yakapoa. Kisha akaenda kutafuta mwenzi mwingine.

Sabato ya tarehe 31 Machi 2018, Mama Bahizire alirudi kwenye Meza ya Bwana. Miguu yake iliyovimba iliwekwa majini na Chibalonza. Na Miriam, aliyekuwa shemasi wa zamu siku hiyo, aliwapitishia taulo kwa mkono mmoja.