Mbwa wa Mamboya Asiyebweka

Shule niliiacha darasa la sita, lakini kuuliza sijaacha mpaka leo. Nimekata miwa Ruaha, nimeuza mayai ya kuchemsha madirishani mwa mabasi pale Dumila, nimefyeka majani kwenye nyumba ya wageni Mikumi, na kila nilipohamia nilikuta mbwa wa tabia yake. Mbwa wa stendi ya Dumila habweki kabisa. Angesema ambwekee kila abiria, angepata wapi muda wa kula? Mbwa wa wafugaji hulala katikati ya ng'ombe kama gogo, lakini kitu kigeni kikisogea hupaza sauti mpaka bonde zima linajua. Na kale kambwa keupe ka mama mwenye nyumba ya wageni, kalikuwa kanabwekea ndoo, kanabwekea jani likidondoka, kanabwekea hata upepo ukifunga mlango.

Kwa nini? Nilipouliza, watu waliniambia mbwa ni mbwa tu, nikatafute kazi.

Mwaka huu swali lenyewe likanifuata nyumbani. Mama yangu mdogo analima mahindi upande wa Mikumi, karibu na mpaka wa hifadhi, na msimu uliopita nyani walimwachia mabua. Yeye ni mtu wa swala tano. Mbwa nyumbani hamtaki, mate yake ni najisi na hapo hapana mjadala. Lakini wa kulinda shamba hana neno, ndivyo alivyofundishwa tangu utotoni. Akaniomba nimtafutie mmoja, alale shambani, ale shambani.

Nikapanda Mamboya, maana nilishasikia sifa za mbwa wa kule wanaowinda nguruwe pori. Nikapewa dume jekundu kama udongo wa kule, masikio wima, mkia umejikunja juu ya mgongo. Nikamsafirisha ndani ya tenga. Kwenye gari hakuna aliyejua kwamba kuna mbwa, nami nikajisifu kwamba nimepata mbwa mwenye adabu.

Adabu ikazidi. Mtu akipita, kimya. Ng'ombe wakipita, kimya. Akifurahi sana alitoa mlio wa ajabu, kama mtu anayesukutua maji kooni, basi. Jirani wa shamba la pili, mzee mtani sana, akawa kila akipita anamsalimia mama mdogo, kisha anauliza kama yule ni mbwa au ni kinyago cha mbwa.

Nikajaribu kumfundisha. Nilipiga magoti kati ya mistari ya mahindi nikabweka mimi mwenyewe, kwa sauti nene, kisha kwa sauti nyembamba. Mbwa akainamisha kichwa upande, akanitazama kwa huruma, akapiga mwayo. Waliokuwa wakipalilia upande wa pili walicheka hadi wakaweka majembe chini.

Mama mdogo hakucheka. Mahindi yalikuwa yameanza kutoa ndevu, na nyani walishaonekana kwenye miti ya mtoni wakikagua.

"Mwanangu," aliniambia, "mbwa ameruhusiwa kwangu kwa sababu ya kazi. Kama hana kazi, nitamweka kwa hoja gani?"

Alitaka nimrudishe alikotoka, nimtafutie mwingine mwenye mdomo, kabla mahindi hayajakomaa. Nilimwomba kwanza anipe nafasi nikaulize kule kule. Akakubali, ila kwa shingo upande.

Nikapanda gari hadi Kilosa, kutoka Kilosa hadi Dumila, kisha bodaboda kupandisha milima. Aliyenipa yule mbwa ni mama mmoja mwanakwaya, mcheshi, aliyerithi mbwa kutoka kwa wazee wake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nami bila hata kukaa nikamweleza kwamba mbwa wake ni bubu. Alicheka akajishika kiuno.

Akaniita nyuma ya nyumba. Pale ukutani zilining'inia kengele ndogo za chuma. Huku, akasema, mbwa akiachiwa kumkimbiza nguruwe porini anafungwa kengele shingoni, maana bila hiyo utampoteza. Mwenyewe hasemi kitu mpaka amfikie nguruwe. Babu zake mama huyo walikuwa wakitazama kila uzao. Kitoto chenye kelele waliwapa watu wa kulinda nyumba, kwa kuwa porini kingefukuza mawindo kabla hayajafikiwa. Kilichonyamaza walibaki nacho, nacho kikazaa walionyamaza.

"Ukimya huo tumeutengeneza sisi, mdogo wangu," alisema. "Wewe umebeba mwindaji ukamwomba awe tarumbeta."

Nilishindwa kukaa. Nilizunguka ua wake nikiongea peke yangu. Kumbe! Mfugaji anataka wa kumwamsha, kwa hiyo vizazi na vizazi amefuga wenye sauti. Na kale keupe, lazima kuna watu mahali fulani waliopenda kengele ya mlangoni yenye manyoya, wakaichagua, wakaizalisha. Pengine na malezi yamo, maana yule mama wa nyumba ya wageni alikapa biskuti kila kalipobweka. Lakini mbegu ilitangulia. Nilihisi kama mtu aliyefunguliwa chumba ndani ya nyumba aliyoishi miaka yote.

Nikamuuliza kama nimfunge kengele. Akakataa: shambani nyani watamsikia.

Hapo ndipo wazo liliponijia. Niliporudi nilikwenda kwa rafiki yangu mfugaji nikaazima mbwa wake mwenye sauti. Asubuhi, mama mdogo alipomaliza kufunga kanga kiunoni, nilimfunga mbwa wa mfugaji upande wa barabara, na yule mwekundu nikamwacha huru upande wa mtoni, ndani ya mahindi. Mama mdogo aliniuliza kama shule niliacha au ilinikimbia. Tukakaa kwenye kibanda cha kulindia.

Nyani wakashuka. Mbwa wa mfugaji akaanza kubweka. Wale nyani hata hawakushtuka. Dume lao lilisimama kwa miguu miwili, likasikiliza sauti inatoka wapi, kisha likaongoza kundi lake polepole kuzunguka shamba kwenda upande wenye utulivu. Mama mdogo akanishika mkono. Ndivyo walivyomwibia mwaka jana, alinong'ona, wanazunguka hivyo hivyo.

Wakaingia. Mabua yakatikisika. Kisha yakatikisika kwa namna nyingine, kwa mstari mmoja ulionyooka, haraka, bila sauti yoyote.

Kilichofuata ni nyani kubweka. Ndiyo, wao ndio waliobweka, kwa hofu, wakiparamiana kuelekea mtoni, wadogo mgongoni, mahindi yakiwadondoka. Yule nyani dume aligeuka kutaka kupigana, akakuta adui haonekani mbele yake wala hasikiki, ila mahindi yanatikisika ubavuni. Naye akakimbia. Nilikuwa nimesimama juu ya kigoda nikipiga makofi kama mwehu.

Mbwa alitoka taratibu kwenye mahindi, ulimi nje, amelowa umande, akaja kulala kwenye kivuli cha kibanda, mbali kidogo nasi.

Tangu mbwa aletwe mama mdogo hakuwa amemsemesha hata mara moja. Akakusanya kanga yake isimguse, akainama kidogo, na kwa sauti ile ile anayomsalimia nayo mkulima mwenzake njiani akamwambia, "Pole na kazi."