Tumbo Alilolikanda Mama

Wifi yangu Manal alirudi kutoka Dar es Salaam amejikunja kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Akafikia kwetu, mtaa wa Cheyo, kwa mama yake, maana kwake watoto wangemparamia. Watu wote aliwaambia kafanyiwa upasuaji wa ngiri. Ukweli niliujua mimi tu: ngozi ya tumbo iliyolegea kwa uzazi wa watoto wanne ilikatwa, na misuli ikavutwa na kushonwa. Aliniapisha. "Mama akijua, wifi, nitakufa kwa aibu."

Nilimpangia mito mgongoni na chini ya magoti, asije akajinyoosha na kuuvuta mshono. Mkanda mpana ulimbana usiku na mchana. Asubuhi tumbo lilinywea, jioni likavimba, naye akalia kwamba wamemdanganya. Nikamkumbusha kwamba daktari alisema uvimbe huchukua miezi kuisha, lakini mwenye hamu hasikii. Kila mara nilimwinua tutembee ukumbini, damu isije ikaganda miguuni. Kucheka kulimuuma, nami mdomo wangu hauna breki, kwa hiyo tuliteseka sote wawili.

Dawa za maumivu zilimchukua mbali. Alasiri, pazia likipepea taratibu, aliniambia anawaona wapagazi wa misafara ya zamani wakipita chumbani kimyakimya, wameinama chini ya mizigo, wanaelekea Ujiji.

"Nami nimo, wifi. Ila sijui nimebeba nini."

Nilikaa nikimsikiliza, hadi na mimi nikahisi nyayo zao juu ya jamvi. Sikuogopa. Nilitamani tu wapite salama.

Alasiri moja tukiwa katika hali hiyo, mama mkwe wangu, Bi Ghadir, aliingia na beseni la maji ya moto, taulo na majani ya mwarobaini. Mtaani kwetu ni wazazi wachache ambao hajawakanda tumbo baada ya kujifungua.

"Ngiri au uzazi, tumbo ni tumbo," alisema akikunja mikono ya gauni. "Leo litakandwa."

Usingizi wote ukamtoka Manal. Akinyamaza, mikono ile itaufumua mshono. Akisema, mama atajua. Alinitazama. Mimi nikatazama dari, Mungu anisamehe.

"Usinikande, mama," alisema. "Si ngiri. Nilikwenda kukatwa tumbo ili lipendeze."

Bi Ghadir aliketi kitandani polepole. Nilingoja asikike hadi mtaa wa pili. Hakutaja dini wala majirani.

"Tumbo hilo nililikanda mimi, kila ulipojifungua," alisema. "Kumbe sikulikanda vizuri?"

Nilimhurumia.

"Ulilikanda vizuri, mama. Ngozi ndiyo ilichoka."

Mama akaomba kuliona. Manal alifungua mkanda. Kovu lilikuwa bado jekundu, limetoka nyonga hadi nyonga. Bi Ghadir akaweka kiganja juu kidogo ya kovu, chini ya kitovu, kwa wepesi ambao sikujua anao.

"Nakuumiza?"

"Sikusikii, mama. Hapo pamekufa ganzi. Daktari anasema hisia zitarudi polepole, na pengine si zote."

Maji yakapoa kwenye beseni. Bi Ghadir hakuuondoa mkono.

"Haidhuru," alisema. "Mimi nakusikia."