Fitiri Iliyorudi

Juzi, Ramadhani ikiisha, nilimwona muuza duka hapa Kibiti akipima mchele wa fitiri kwa mizani, nikamkumbuka bibi yangu wa Mbwera na pishi yake ya mbao.

Mwaka mmoja, nikiwa mdogo, alipima mchele wa shambani kwake, kila kichwa pishi yake, akanituma kwa jirani yetu mjane, Bi Somoe. "Usikawie," alisema. "Funga zetu zinaning'inia angani mpaka fitiri imfikie." Nilikwenda mbio, macho juu.

Kesho yake, alasiri ya Idi, matope ya maji kupwa yakinukia mpaka barazani, Bi Somoe alituletea sinia la wali wa nazi. Nilipofunua kawa niliijua harufu ile. Mchele wetu! Nikaangua kilio. Fitiri imerudishwa, na funga ya Bibi sasa itaangukia mtoni.

Nilipowaeleza walicheka hadi wakashikana. "Mchele ulikuwa wangu," alisema Bibi, "lakini wali huu ni wa Somoe. Leo sisi wageni wake. Kula."

Hukumu za fitiri nilikuja kuzisoma chuoni. Hakuna ukurasa ulionieleza uso wa Bi Somoe siku ile, alivyotuhimiza, "Ongezeni jamani, ongezeni, mwingine upo jikoni."