Tairi la Kulia la Katekista

Tairi la nyuma la kulia lilikuwa limelika hadi nyuzi zinaonekana. La kushoto, lililofungwa siku ileile, bado lilikuwa na meno. Pikipiki hiyo ya magurudumu manne ni ya parokia, na anayeiendesha ni katekista wetu, ambaye wote tunamwita mwalimu. Aliileta kwenye kibanda changu cha pancha hapa Butiama akiwa na watu wawili wa kamati ya parokia.

Mwenyekiti, mzee mfugaji wa Buswahili, alikuwa ameshaamua kwamba mwalimu anabeba mkaa wa biashara upande wa kulia.

“Mkaa gani, mzee wangu? Kagua hata nguo,” mwalimu akasema.

“Nguo si unafuaga!”

Kama sababu nyingine isingepatikana kabla ya Jumapili, mwalimu angerudishwa kwenye baiskeli. Ana vigango sita vya kuzungukia, na goti lake moja halikunji. Alikaa chini akalikanda.

Nilipima upepo, ukawa sawa pande zote. Nilivuta kamba kuona kama magurudumu yamekaa sambamba, nikayatikisa, hakuna kilichopinda wala kulegea. Katibu, mama muuza dagaa, akasema labda mwalimu anakaa upande. Wakampandisha. Mwenyekiti akachuchumaa nyuma, akafumba jicho moja kama seremala anayekagua ubao.

“Kalio la kulia limezidi.”

“Hiyo ni Biblia, iko mfukoni.”

Akaitoa. Mama katibu akaipima mkononi. “Neno la Mungu haliwezi kula tairi,” akasema, akairudisha.

Mimi kusema mbele ya watu kunanishinda. Kesho yake nilimfuata mwalimu kwa baiskeli hadi Buswahili. Njiani tulimkuta bibi anaanika mihogo.

“Shikamoo, bibi!” mwalimu akaita, na badala ya kusimama akaanza kumzunguka polepole. Bibi naye akageuka palepale alipo ili asimpe mgongo.

“Marahaba. Watoto?”

“Wazima. Mbuzi je?”

Mzunguko wa tatu walikuwa bado kwenye mbuzi. Wa sita wakafika kwenye mvua. Mwalimu alipoondoka, bibi alishika mti wa uzio akasubiri dunia itulie.

Nilimfikia mbele. “Mwalimu, mbona husimami?”

“Nikiachia mafuta inazima, na haiwaki mpaka isukumwe. Anisukume bibi?”

“Na mbona unazungukia kulia tu?”

Akanitazama kana kwamba sijabatizwa. “Nimsalimie mtu mzima akiwa upande wa kushoto?”

Hapo nikaelewa. Ekseli ya nyuma ya pikipiki hizi ni chuma kimoja, magurudumu yote mawili yanakwenda mwendo mmoja. Ukizunguka, la ndani lina njia fupi kuliko la nje, lakini haliwezi kupunguza mwendo, basi linasuguliwa chini kama kifutio. Mwalimu alikuwa amefuta tairi zima kwa heshima.

Jumamosi kamati ilikuja. Nikamwomba tu mwenyekiti asimame kwenye saruji mbele ya mashine ya kusaga, na mwalimu amsalimie kama kawaida yake. Walipofika kwenye habari za ndama, chini palikuwa na duara jeusi, la ndani tu. Mama katibu alipitisha kidole, akanusa.

“Mpira.”

Mwenyekiti alikuwa ameshika nguzo. “Kumbe tairi la kanisa nimelila mimi!”

“Wewe na wazee wenzako wote, vigango sita,” alisema mama katibu.

Mwalimu akaachiwa pikipiki yake hapohapo. Nikachukua bisibisi, nikakaza skrubu ya kabureta, injini ikabaki inaunguruma yenyewe. Nikasema, kwa sauti ndogo, kwamba sasa anaweza kusimama.

Kamati ilijadili jambo hilo zaidi kuliko ilivyojadili la mkaa. Mwenyekiti alikataa kabisa. Mwalimu akisimamisha pikipiki, atakuwa anawasalimia wazee amekaa kwenye kiti chake, nao wamesimama juani. Itabidi ashuke kila mara, na goti lile?

“Mtu anayekuzunguka,” alisema, “unaona kabisa kwamba anajisumbua.”

Ikapitishwa: mwalimu aendelee kuzunguka, na kila Jumamosi mimi fundi nihamishe tairi la kulia kushoto na la kushoto kulia, yalike sawa. Mama katibu akaandika. Mwalimu akainua pikipiki kwa jeki yeye mwenyewe, akanipa spana.

“Anza, mdogo wangu. Kesho asubuhi niko kigangoni.”